Uwanja Hupimwa Langoni



Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa hapa kwetu Wundanyi. Anatuarifu kwamba mumewe, mkulima wa kabichi na nyanya, ameweka kopo la akiba juu ya kabati, na kila siku ya soko hutumbukiza humo noti mbili tatu. Akiba hiyo ni ya mwaka 2027, ambapo Kombe la Mataifa ya Afrika litaandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Bwana huyo amekata shauri kuzuru viwanja vya nchi zote tatu, kimoja baada ya kimoja, akifuatana na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 11. Mama anatuuliza maswali mawili. La kwanza: je, huu si upotevu wa mali? La pili ameliandika kwa herufi kubwa: WATOTO WANGU WATARUDI?

Tunamwomba dada yetu atuvumilie tuanze na lile la kwanza, kwa kuwa jawabu la pili halieleweki mpaka mtu awe amekwisha kuvijua viwanja vyenyewe.

Kwanza, mumeo hakupatwa na maradhi mageni. Wako watu ulimwenguni ambao mapenzi yao ya mchezo hayatulii mpaka wavione viwanja kwa macho yao. Marekani, kwenye mchezo wao wa besiboli, ligi kuu ina timu 30, moja ikiwa ng'ambo ya mpaka katika mji wa Toronto, Kanada; na wapo mashabiki ambao huweka akiba miaka mingi ili wavimalize viwanja vyote 30. Uingereza madaraja manne ya juu ya kandanda yana timu 92, na mtu aliyetazama mechi katika kila uwanja wa timu hizo huhesabiwa miongoni mwa mashabiki kuwa mtu wa daraja ya pekee.

Hao wa besiboli wana sababu iliyo dhahiri. Sheria za mchezo wao hazilazimishi viwanja vyote vilingane umbo. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1912, ina ukuta upande wa kushoto unaopita mita 11 kwenda juu, kwa kuwa uwanja ulibanwa na barabara, nao wajenzi wakafidia ufinyu kwa urefu. Wrigley Field ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1914, imefunikwa ukuta wake kwa mimea itambaayo. Pigo ambalo katika mji mmoja lingevuka nje, katika mji mwingine hugonga ukuta likarudi. Shabiki huko husafiri kwenda kuona namna mji ulivyoubadilisha mchezo.

Kandanda haina tofauti kubwa namna hiyo. Kwa mechi za kimataifa uwanja huwa na urefu wa mita 100 hadi 110 na upana wa mita 64 hadi 75, na magoli ni yale yale Mombasa na Madrid. Basi kinachobadilika kwetu ni nini? Ni watu waliozunguka nyasi. Mji unapokusanyika mahali pamoja, ukakaa dakika 90, ukaomba, ukalia, ukatukana na kukumbatiana, huonekana ulivyo kuliko siku nyingine yoyote. Runinga humwonyesha mtu mpira unakokwenda, lakini hao watu haimwonyeshi.

Na katika hili Afrika Mashariki yetu ina utajiri. Tukianzia nyumbani, Mombasa pana uwanja wa Mbaraki, maskani ya Bandari, ambapo mtu hukaa karibu na mstari kiasi cha kusikia mchezaji akimwita mwenziwe. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba ubingwa wa Kenya uliwahi kushuka pwani mwaka 1965 kwa miguu ya Feisal ya Mombasa. Waulizeni wazee wenu. Wapo ambao bado huuhadithia.

Ukipanda Nairobi kwa barabara ya Mombasa, uwanja wa kwanza kukutana nao ni Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983. Ng'ambo ya mji, kwenye barabara ya Thika, ndipo ulipo Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Hapo Nairobi Gor Mahia na AFC Leopards wanapokutana, mechi yao huitwa ya mashemeji. Ukivuka kwenda Dar es Salaam, Yanga iliyoasisiwa mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 huitwa watani wa jadi. Tazameni, wasomaji wetu: watu wanaotaka kushindana hata sauti zikakauka, wameyaendea majina ya ukoo. Mmoja kachukua la mke na nduguye, mwingine kachukua la utani. Ni kama kwamba walijua tangu mwanzo kuwa ushindani usiofungwa kwa udugu hauna mwisho mwema.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na kuingiza watu 60,000, umejengwa ubavuni mwa uwanja mkongwe wa Uhuru, ambamo bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Baba mwenye busara atamsimamisha mtoto baina ya viwanja hivyo viwili, amwonyeshe mkono wa huku taifa lilipozaliwa, na mkono wa huku linapochezea. Tiketi za bei nafuu humo huitwa za mzunguko, na huko kwenye mzunguko ndiko nyimbo zinakotungwa. Uganda nao wana uwanja wa Mandela huko Namboole, mashariki ya Kampala, uliofunguliwa mwaka 1997.

Unguja kuna Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2023 baada ya kutengenezwa. Sisi tulijaaliwa kufika hapo Agosti 2025, wakati wa mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na tuliyoyaona tungali nayo. Sudan walikuwa wakicheza pale. Nchi yao ilikuwa vitani tangu Aprili 2023, hawana uwanja wa nyumbani wa kuchezea, na wengi wao hawajui jamaa zao wamelala wapi. Wakawafunga Nigeria mabao manne kwa sifuri, kisha wakawatoa Algeria kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Tuliwaona wazee wa Kiunguja wenye kofia za kitambaa, ambao hawana hata jamaa mmoja Khartoum, wakisimama na kuwapigia makofi kama wanao. Mvulana wa miaka 14 akiliona jambo hilo, atakuwa amefundishwa somo la ukarimu ambalo sisi walimu hulirudia darasani mwaka mzima likagota masikioni.

Basi kwa swali la kwanza, dada yetu, jawabu letu ni kwamba safari hii si upotevu wa mali kwa asili yake. Huwa upotevu kwa namna mtu anavyoiendesha. Karo ikilipwa, shamba likapata mbegu, na mwenye deni akarejeshewa chake, kilichobaki kwenye kopo ni halali ya furaha. Lakini pesa iliyokopwa ili kununua tiketi ni balaa, na pesa iliyotoka kwenye kamari ya mpira haifai kumnunulia mtoto hata maji ya kunywa.

Hapa tuna neno na mumeo kuhusu hesabu yake. Sisi watu wa Taita tumezoea kwamba kila jambo kubwa liko Nairobi, na fikira zetu hukimbilia Voi kwenda kuotea treni. Lakini kwa ajili ya mashindano hayo Watanzania wanajenga uwanja mpya mjini Arusha wa watu 30,000. Mtu wa Wundanyi akishuka Mwatate, badala ya kupinda kwenda Voi, akishika lami ya Bura na Maktau mpaka Taveta, akavuka mpaka wa Holili, akapita Moshi, atafika Arusha kabla hajamaliza kilomita 250. Nairobi ni zaidi ya 350. Njia yenyewe ina ndovu upande huu na Mlima Kilimanjaro upande wa pili, na hakuna atakayemtoza kiingilio cha kuutazama mlima. Kampala ni siku nzima na usiku wake, na kwa mtoto wa miaka 11 hiyo ni adhabu. Basi viwanja vya nchi tatu si lazima vimalizwe katika mwezi mmoja. Hao wa Marekani na wale wa Uingereza wengi wao hutumia nusu ya umri.

Ajue pia kwamba mpaka wa Holili haumtazami mtu usoni ukamruhusu. Kila mmoja, mtoto kwa mkubwa, awe na pasi yake au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa. Mambo haya hutengenezwa miezi kabla. Hayatengenezwi alfajiri ya safari.

Sasa tuje kwenye herufi kubwa.

Khofu ya mama huyu haikutoka hewani. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya mechi ya mashemeji, watu saba walipoteza maisha uwanjani Nyayo katika msukumano wa kuingia. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé, Kameruni ilipokuwa ikicheza na ndugu zetu wa Komoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika, hilo hilo ambalo sasa linakuja kwetu, watu wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe, kwenye lango lililofungwa ilhali lilipasa kuwa wazi. Na Agosti 2025, watu wasio na tiketi walipovunja utaratibu na kujipenyeza Kasarani, shirikisho la Afrika likaamuru mechi ya Kenya na Zambia iingie watazamaji 27,000 tu. Waliostahili wakakosa nafasi kwa ajili ya wasiostahili.

Yazingatieni misiba hiyo miwili. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya mpira, wala kwa sababu ya kuketi jukwaani. Mauti yalikuwa langoni. Ndiyo maana tunasema kwamba uwanja hupimwa langoni. Msiuulize kwanza uzuri wa nyasi zake wala wingi wa taa zake. Ulizeni: malango yako mangapi, yanafunguliwa saa ngapi, nani anayasimamia, na mtu aliyechelewa hufanywa nini? Serikali zetu tatu zinatumia fedha nyingi kupandisha majukwaa, nasi twafurahi. Lakini mama wa Wundanyi anayo haki ya kuuliza juu ya lango, na swali lake lapasa kufika mezani kwa wenye kupanga kabla ya kipenga cha kwanza.

Kwa upande wa msafiri, yako mambo yaliyo mikononi mwake. Asiondoke nyumbani bila tiketi ya kila mmoja, kwa tumaini la kununua pale pale. Tiketi ya mlangoni ndiyo inayozaa msukumano. Afike saa tatu kabla ya mechi, watoto wakiwa wameshiba. Akiona watu wamejazana mbele ya lango lililofungwa, asijiunge nao. Arudi nyuma, atafute lango jingine, na akikosa, mechi na ipite. Dakika 20 za kwanza hazina thamani ya mbavu za mtoto. Namba ya simu ya baba iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, na wakubaliane mapema mahali pa kukutania wakipotezana, mahali pasipohama, kama vile nguzo ya taa au mlango wa msikiti wa jirani. Mchezo ukiisha waketi. Wawaache wenye haraka watangulie, wao wale karanga zao mpaka ngazi ziwe nyeupe.

Viti navyo vina siri yake. Nyayo, Kasarani, Mkapa, Amaan na Namboole vyote vimezungushiwa njia ya mbio baina ya jukwaa na nyasi. Mtu akinunua kiti cha chini akidhani yu karibu, hujikuta akitazama migongo ya askari na mabango ya matangazo, na goli la mbali halioni kabisa. Watoto wakae juu. Wataona mchezo wote, nao watakuwa mbali na heka heka za pale chini.

Pana methali ya pwani isemayo msafiri kafiri, na wapo wanaoifanya kibali cha kuacha kila kitu njiani. Wahenga walikusudia kueleza uzito wa safari. Hawakukusudia kuwapa watu ruhusa. Dini imempa msafiri wepesi wa kutosha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya halali inayopita kilomita 80 na ushei humruhusu mtu kupunguza rakaa nne kuwa mbili, na kuunganisha adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Magharibi haipunguzwi, hubaki tatu. Anayenuia kukaa siku nne kamili mahali alipofikia, ruhusa hiyo humwondokea. Wundanyi hadi Voi haitoshi. Arusha na Nairobi zatosha na kuzidi. Mechi ya Kenya na Madagascar ya Agosti 2025 ilianza jua lingalipo, ikafika muda wa nyongeza, ikamalizikia usiku kwa penalti, tukashindwa nne kwa tatu. Msafiri aliyenuia tangu mapema kuichelewesha magharibi aisali pamoja na isha hakuhitaji kuchagua baina ya sala yake na penalti ya mwisho. Mwenyeji wa Nairobi hana wepesi huo. Yeye hatafuti kisingizio, hutafuta pembe safi, akatandika koti lake. Watoto wakimwona baba akipanga jambo hili tangu asubuhi, kama alivyopanga nauli, watajifunza kwamba furaha na wajibu hukaa katika begi moja.

Hukumu yetu, basi, tunaielekeza kwa wote wawili.

Kwako bwana: usiianze safari yako 2027, na usiianzie mbali. Anza Jumamosi ijayo hapo hapo Wundanyi, kwenye uwanja wenye jina la Dawson Mwanyumba. Wachukue watoto, wafundishe kuketi, kungoja, kushangilia bila kumtukana mwamuzi, na kutoka bila kukimbia. Kisha Voi, kwenye uwanja wa Moi. Kisha Mbaraki, siku ambayo Bandari wanacheza nyumbani. Mtoto aliyepitia ngazi hizo tatu ataingia katika umati wa 30,000 akijua la kufanya. Mpe msichana daftari, aandike jina la kila uwanja, tarehe, matokeo, na lango waliloingilia. Na kabla hujanunua tiketi ya Arusha, mwekee mkeo karatasi mezani: gharama ni hii, njia ni hii, lango ni hili, tutarudi siku hii. Mume anayemwomba mkewe radhi ya safari hajapungukiwa na kitu.

Na kwako dada yetu: umeuliza kama watoto wako watarudi. Ujuzi wa yajayo ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, nasi hatuwezi kukuwekea dhamana. Tunaloweza kukuambia ni kwamba hatari uliyoihofu ina mahali pake na saa yake, na mtu anayeijua huweza kuikwepa. Mtoto kunyimwa kila safari nako kuna hasara yake, ila hasara hiyo haitangazwi redioni. Na twaona katika barua yako jambo moja ambalo pengine hukulikusudia. Umetaja mume, umetaja mvulana, umetaja msichana, hukujitaja wewe. Kopo lililo juu ya kabati limehesabiwa watu watatu. Mwambie mumeo alihesabie wanne. Mechi moja, uwanja mmoja, Arusha, nyote pamoja. Hapo langoni mama ndiye mwenye jicho kali kuliko askari wote, na akisema turudi, familia nzima hurudi.

Tunawaomba wasomaji wengine waliokwisha kuzuru viwanja pamoja na jamaa zao watuandikie: lango lipi liliwapokea vyema, na lipi liliwasumbua. Majibu tutayachapisha katika safu hii, inshaallah, ili wanaotangulia wawaangazie njia wanaofuata.

Wabillahi tawfiq.